Dalili kifuani, hitilafu kichwani: jinsi ya kuifuatilia tezi ya pituitari

Alikuja amevaa sweta. Dar es Salaam, mwezi wa pili, feni inazungusha joto lile lile na shati langu limeganda mgongoni, yeye kajikunyata kama yuko Makete. Nikamuuliza kinachomsumbua. "Daktari, nimechoka tu." Faili lake lilikuwa limevimba: malaria mara nne, taifodi mara tatu, UTI, upungufu wa damu, na ukurasa wa mwisho mtu kaandika "msongo wa mawazo". Kwenye karatasi zote hizo hapakuwa na mtu aliyemuuliza swali moja: dada, mtoto wako wa mwisho ulimnyonyesha?

Hakumnyonyesha. Maziwa hayakutoka hata tone. Nitamrudia baadaye kidogo.

Nimemtanguliza kwa sababu tezi ya pituitari haiumi pale ilipo. Ikiharibika, malalamiko hutokea titini, kwenye kiatu, chooni, kitandani. Mgonjwa huenda kwa daktari wa titi, wa figo, wa macho, na kila mmoja hutibu kipande chake. Anayetaka kuipata hitilafu hii lazima aulize habari za viungo ambavyo mgonjwa hakuja kuvilalamikia.

Nyapara na wafanyakazi wake

Pituitari ni ndogo kama punje ya njegere, uzito wake ni kama nusu gramu. Imekaa ndani ya kijishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, na juu yake kidogo tu hupita mishipa ya fahamu ya macho. Vitabu vinapenda kuiita mkuu wa tezi zote. Mimi cheo hicho nakishusha: hii ni nyapara. Bosi ni haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Nyapara hupokea amri, huwapigia kelele wafanyakazi, kisha hutazama kazi. Kazi ikifanyika, hunyamaza. Isipofanyika, huzidisha kelele.

Sehemu ya mbele ya tezi hutoa homoni sita. TSH huiamsha tezi ya thairoidi shingoni, ile inayopanga kasi ya mwili na joto lake. ACTH huziamsha adrenali, tezi mbili zilizokaa juu ya figo, zitoe kotisoli. Bila kotisoli mtu hawezi kuhimili homa, upasuaji, hata kuharisha kwa siku mbili. FSH na LH husimamia ovari na korodani. Homoni ya ukuaji hurefusha mifupa ya mtoto, na kwa mtu mzima hutunza misuli na kupanga mafuta. Prolaktini hutengeneza maziwa. Sehemu ya nyuma haitengenezi kitu, ni ghala tu: huhifadhi na kuachia homoni mbili zinazotengenezwa na haipothalamasi, yaani vasopresini inayoiambia figo ibane maji, na oksitosini inayokaza mfuko wa uzazi na kusukuma maziwa yatoke. Oksitosini hiyo wengi mnaijua bila kujua jina lake. Ndiyo ile "sindano ya uchungu" ya leba.

Ukishaielewa habari ya nyapara, majibu ya maabara yanasomeka. Kazi haijafanyika na nyapara anapiga kelele: tatizo liko kwa wafanyakazi. Kazi haijafanyika na nyapara kakaa kimya: mtafute nyapara. Thairoksini, homoni ya thairoidi, ikiwa chini na TSH iko juu, thairoidi yenyewe ndiyo imechoka, na hao ndio wagonjwa wengi. Thairoksini ikiwa chini na TSH iko chini pia, au eti "iko kawaida", hapo pana jambo, kwa sababu kwa thairoksini ya chini namna ile TSH ilipaswa kupanda sana.

Na hapa ndipo tunapowapoteza watu. Ili kupunguza gharama, hupimwa TSH peke yake. Jibu likirudi limeandikwa kawaida, mgonjwa huambiwa thairoidi yako nzima, nenda nyumbani. TSH peke yake inatosha pale tu ambapo nyapara ni mzima. Ukimshuku nyapara, omba TSH na thairoksini huru kwa pamoja. Vivyo hivyo kwenye hedhi: usipime homoni ya ovari bila FSH pembeni yake.

"Maziwa hayakutoka, na hedhi haijarudi"

Tuanze na kinachotokea mara nyingi. Mama kajifungua, titi limejaa, mtoto ananyonya analia. Maziwa yapo, hayashuki. Prolaktini imefanya kazi yake, oksitosini imezuiwa, na inayoizuia mara nyingi ni maumivu, hofu, au watu sita wamejaa chumbani kila mmoja ana ushauri. Mtazame mtoto mdomoni: mwanzo hunyonya haraka haraka kwa midundo mifupi, maziwa yakishuka huvuta taratibu, kwa kina, na unamsikia akimeza. Kama hafiki hapo, watoe watu chumbani, mlaze mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, weka kitambaa cha uvuguvugu juu ya titi, ushikaji wa titi uangaliwe na mkunga. Uji wa pilipili manga wa bibi uendelee. Unampa mama maji na faraja, vyote vinasaidia.

Hali nyingine ni titi ambalo halikujaa kabisa. Siku ya tatu, ya nne, ya saba, limelegea kama halijawahi kusikia habari za mimba. Hapo uliza damu.

Wakati wa ujauzito pituitari hukua, maana seli za prolaktini zinaongezeka, lakini damu inayoilisha haiongezeki kwa kiwango hicho, na hufika kwa msukumo mdogo. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua hadi presha ikaanguka, tezi iliyonenepa hukosa damu, na sehemu yake hufa. Harold Sheehan, daktari wa patholojia aliyekuwa Glasgow, alilieleza jambo hili mwaka 1937, na ugonjwa ukabaki na jina lake. Ulaya sasa huonekana kwa nadra. Kwetu, ambako damu ya kuongezewa bado inatafutwa kwa simu usiku wa manane, bado upo.

Usimuulize mama alipoteza mililita ngapi. Muulize kanga. Kigoma wakunga wa jadi waliwahi kufundishwa hivyo hivyo: kanga mbili zikilowa, damu imezidi. Yule dada wa sweta alinijibu, "Mama mkwe alifua kanga tano, ya sita akaitupa." Aliongezewa chupa mbili za damu, akazinduka, akarudi nyumbani na mtoto mzima, na kila mtu akamshukuru Mungu. Hakuna aliyehusisha usiku ule na uchovu wa miaka minne iliyofuata.

Maswali ya kuuliza, bila kufuata mpangilio: maziwa yalitoka? Hedhi imerudi? Unahisi baridi wenzako wakiona joto? Ukisimama ghafla unaona giza? Ukipitisha mlo mmoja unatetemeka na kutoka jasho? Na swali moja ambalo mimi sikuwa na akili ya kuliuliza, aliliuliza nesi wetu, mama mtu mzima wa Pangani, baada ya kunitoa chumbani: "Mwanangu, mara ya mwisho kunyoa ni lini?" Vitabu huandika kwamba nywele za kwapa na za sehemu za siri hupukutika. Lakini kwa mwanamke anayenyoa kila baada ya wiki kadhaa kama alivyofundwa, hakuna nywele za kuonekana zikipukutika. Anachokiona ni kwamba wembe hauna kazi tena. Dada alijibu kuwa hajanunua wembe tangu mtoto azaliwe.

Kabla hujaandika jina la Sheehan kwenye faili, ondoa yaliyo mepesi. Hedhi kutorudi kwa anayenyonyesha ni kawaida. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huizuia hedhi, na baada ya sindano ya mwisho inaweza kupita miezi mingi kabla haijarudi. Mimba nyingine je? Pima. Kukonda sana je? Na kama ngozi imekuwa nyeusi kuliko zamani, hasa mistari ya viganja na ufizi, elekeza macho kwenye adrenali zenyewe, ambazo kwetu kifua kikuu hupenda kuziharibu: kotisoli ikikosekana kwa sababu ya adrenali, ACTH hupanda sana na kuitia ngozi weusi. Kwa mgonjwa wa pituitari ACTH haipo, ngozi hupauka.

Damu ya kupimia kotisoli itolewe saa 2 asubuhi. Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka kutwa nzima. Iliyotolewa saa 9 alasiri inaweza kuonekana ndogo kwa mtu mzima kabisa. Ikiwa chini ya nanomoli 100 kwa lita asubuhi, jibu karibu umelipata. Sodiamu ya damu nayo huwa chini, na wapo waliogunduliwa kwa njia hiyo tu, walipoletwa wamechanganyikiwa wakadhaniwa wana malaria ya kichwa.

Sasa jambo ambalo, kama utasahau mengine yote, hili libaki. Mgonjwa huyu hana kotisoli na hana thairoksini. Kotisoli hutangulia. Ukianza na vidonge vya thairoksini kwa sababu ndilo jibu lililorudi mapema, unaongeza kasi ya mwili ambao hauna kotisoli ya kuhimili kasi hiyo, tena ile kidogo iliyobaki inasafishwa haraka zaidi. Mgonjwa huanguka. Haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dukani, kwanza, siku chache baadaye thairoksini. Vidonge vya haidrokotisoni havipatikani kila duka, kwa hiyo wengi huwekwa kwenye prednisoloni, dozi ndogo ya asubuhi.

Na afundishwe yeye na anayeishi naye: ukipata homa, dozi ya kila siku ya haidrokotisoni au prednisoloni izidishwe mara mbili au tatu mpaka homa iishe. Ukitapika vidonge, hospitali kwa sindano ya haidrokotisoni miligramu 100, usingoje kupambazuke. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kuna wanaobadilishiwa dawa wakaimeza daku, na kuna ambao kufunga kwao ni hatari na ruhusa ya mgonjwa ipo.

Wiki ya tatu ya dawa dada alirudi kliniki. Sweta lilikuwa mkononi.

"Maziwa yanatoka na sina mtoto"

Hili huleta maneno mtaani. Msichana wa chuo, maziwa yanalowesha sidiria, nyumba nzima inamtazama tumbo. Anza kweli na kipimo cha mimba, bila kumtazama kwa jicho baya, kisha mwambie afungue mkoba wake.

Prolaktini ndiyo homoni pekee ya sehemu ya mbele ambayo bosi huishughulikia kwa kuizuia kuliko kuiamrisha. Dopamini kutoka haipothalamasi huishika mkono muda wote. Dawa yoyote inayozuia dopamini huuachia mkono huo. Kwa hiyo kwenye mkoba tafuta metoklopramaidi ya kuzuia kutapika, haloperidoli na klopromazini za wagonjwa wa akili, na methaildopa ya presha, ambayo kina mama wengi huanzishiwa wakiwa na mimba na wengine huendelea nayo bila mtu kuwaambia wabadilishe. Nimeona maziwa yakikauka kwa kubadilisha kidonge tu. Lakini dawa za akili usiziache mwenyewe. Kurudiwa na ugonjwa ni kubaya kuliko sidiria iliyolowa. Aliyeandika dawa ndiye abadilishe.

Sababu ya pili kwa wepesi ni thairoidi iliyochoka. Bosi anapoisukuma pituitari itoe TSH zaidi, amri hiyo hiyo huigusa na prolaktini. Tibu thairoidi, maziwa huacha. Figo zilizoshindwa nazo hupandisha prolaktini. Na kuna jambo dogo ambalo watu hawaliulizi: je, unayakamua kila siku kuangalia kama bado yapo? Kila ukikamua, titi linatuma habari kichwani kwamba kuna mtoto. Acha mikono.

Dawa hakuna, mimba hakuna, thairoidi nzima, prolaktini imerudiwa kupimwa mgonjwa akiwa ametulia na bado iko juu: hapo inatafutwa picha ya MRI ya pituitari, kwa kuwa uvimbe mdogo wa seli za prolaktini ndio uvimbe wa tezi hii unaotokea zaidi. Neno uvimbe huwatisha watu, huona saratani na fuvu likifunguliwa. Karibu wote si saratani, na wengi hawapasuliwi. Kabagolini, kidonge kinachofanya kazi ya dopamini, humezwa mara moja au mbili kwa wiki, na uvimbe husinyaa. Hedhi hurudi, na mimba huweza kuingia kabla hata hedhi ya kwanza haijaonekana, basi asiyetaka ajikinge mapema.

Wanaume huchelewa. Hawana hedhi ya kuwashtua, na maziwa kwao ni nadra. Dalili yao ni hamu ya tendo kwisha na nguvu za kiume kupungua, na njia ya kwanza wanayoifuata ni ya kwa muuza dawa za mitishamba, sio ya maabara. Anakuja baada ya miaka, uvimbe umeshakuwa mkubwa, kichwa kinauma, macho yanaona nusu. Mwanaume mwenye shida hiyo apimwe testosteroni, homoni ya kiume, asubuhi, pamoja na LH na prolaktini, kabla hajamaliza mshahara kwenye mizizi. Sukari na presha zipimwe kabla ya hayo yote; hizo ndizo zinazohusika mara nyingi zaidi. Vijana wa gym wanaojidunga testosteroni nao wajue: nyapara akiona kazi imejaa, humwambia mfanyakazi akalale. Korodani husinyaa na mbegu hupotea.

"Niliacha kidonge, nikazirai"

Sura imekuwa ya mviringo kama sahani. Tumbo limekuja mbele, mikono na miguu imekonda. Michirizi mipana kiunoni, ngozi nyepesi inachubuka kwa kuguswa. Presha imepanda, sukari imepanda. Na swali langu ninalolipenda: ukiwa choo cha kuchuchumaa, unainuka bila kushika ukuta? Kotisoli nyingi hula misuli ya mapaja, na ukuta wa choo huwa wa kwanza kujua.

Mwaka 1932 Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, aliiunganisha sura hii na uvimbe mdogo wa pituitari unaomwaga ACTH. Uvimbe huo upo, ila ni adimu. Kwa kila mmoja mwenye uvimbe, utakutana na wengi ambao kotisoli yao imenunuliwa dukani. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, bila kopo wala jina, mara nyingi ni deksamethasoni. Baadhi ya dawa "za asili" za maumivu ya viungo zimekutwa na kitu hicho hicho. Na mkorogo. Kwenye mikorogo mingi kuna klobetasoli, dawa ya kupaka ya jamii ya kotisoli (steroidi) yenye nguvu kuliko karibu zote. Maelekezo yake ni kipande kidogo cha ngozi, wiki mbili mfululizo zisizidi, na gramu 50 kwa wiki zisizidi. Bibi harusi anayejipaka mwili mzima asubuhi na jioni kwa miezi sita anaimeza kwa njia ya ngozi.

Nyapara haulizi kotisoli imetoka wapi. Anaona imejaa, ananyamaza. ACTH hukatika, adrenali husinyaa kwa kukosa kazi. Mtu huyu leo ana dalili za kotisoli nyingi, na kesho akiacha ghafla, kwa sababu ameokoka, amesoma mtandaoni, au pesa imeisha, atakuwa na dalili za kukosa kotisoli: kutapika, tumbo kuuma, presha kuanguka, sukari kushuka, kuzirai. Wiki tatu au nne za prednisoloni miligramu 5 au zaidi kila siku zinatosha kuhesabiwa kuwa na hatari hiyo. Tena deksamethasoni ni kali: robo tatu ya miligramu inalingana na prednisoloni miligramu 5.

Njia ya kutambua bila gharama kubwa ni hii: sura inasema kotisoli imejaa, kipimo cha saa 2 asubuhi kinasema hakuna. Vitu hivyo viwili vikipingana, kuna dawa inaingia kutoka nje ambayo kipimo hakiioni. Uliza tena kwa upole. Mara ya kwanza watu hukataa, hasa mume akiwepo chumbani. Mwambie mume akalete maji.

Tiba yake ni kushuka ngazi. Mgonjwa hubadilishiwa dawa inayopimika, ikapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki na miezi huku nyapara akiamshwa taratibu. Wapo wanaochukua mwaka. Nimewahi kuona mgonjwa wa namna hii akiambiwa na mhudumu mmoja "hizo sumu tupa leo leo", na usiku akarudishwa akiwa hajitambui. Nia ilikuwa njema kabisa.

"Nakojoa, nakunywa, nakojoa"

Kwanza sukari. Pili sukari. Ikiwa sukari ni ya kawaida, tafuta dumu safi la mafuta la lita 5, na kila mkojo wa saa 24, wa usiku pia, uingie humo. Mtu mzima akivuka lita 3, na mkojo ni mweupe kama maji ya bomba, kuna la kutafuta. Wengi hawafiki hapo: wanakwenda mara kwa mara lakini kidogo kidogo, na hao shida yao ni kibofu, maambukizi, au tezi dume.

Aliyepungukiwa vasopresini huamka usiku mara nne, tano, na kila akiamka anakunywa. Wengi hutaka maji baridi sana; nilimjua kijana aliyekuwa akinunua barafu za mtindi kwa jirani ili azitie kwenye jagi. Alikuwa dereva wa bodaboda, na miezi miwili nyuma alianguka akapiga kichwa. Hilo ndilo swali la kuuliza: ajali, upasuaji wa kichwa, uvimbe. Swali la pili ni dawa, hasa lithiamu ya wagonjwa wa akili, ambayo huifanya figo isiisikie vasopresini hata ikiwepo. Kalsiamu nyingi na potasiamu kidogo kwenye damu hufanya vivyo hivyo. Na wapo wanaokunywa lita sita kwa siku kwa kuwa mtu wa mtandaoni aliwaambia maji hutoa sumu. Hao wapunguze, waone.

Ugonjwa huu kwa miaka mingi uliitwa kisukari insipidasi, ingawa hauna sukari hata chembe. Mwaka 2022 wataalamu wa homoni walipendekeza uitwe upungufu wa vasopresini, kwa sababu jina la kisukari lilikuwa linaumiza watu: mgonjwa analazwa, wahudumu wanapima sukari tu, dawa yake ya desmopresini hapewi. Kwa hiyo ukimuuguza ndugu mwenye hali hii, kariri sentensi moja ya kumwambia nesi: hana sukari, asinyimwe maji, dawa yake isikose. Kile kipimo cha kumzuia mtu asinywe maji kwa saa kadhaa hufanyika hospitali chini ya macho ya watu. Usikijaribu nyumbani, anaweza kukauka kabla ya mchana.

"Kiatu hakiniingii tena"

Homoni ya ukuaji ikizidi kabla mifupa haijafunga, mtoto hurefuka bila breki. Robert Wadlow wa Marekani alifika sentimita 272 kabla ya kufariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22. Ikizidi baada ya mifupa kufunga, mtu hawi mrefu, hupanuka. Vidole, pua, taya, ulimi. Daktari Mfaransa Pierre Marie aliupa ugonjwa huu jina akromegali mwaka 1886.

Huja polepole kiasi kwamba mke na watoto hawaoni. Anayeona ni muuza viatu vya mtumba: mteja wake wa namba 42 sasa anaulizia 45. Pete ya ndoa imekatwa kwa msumeno. Meno ya chini yameachana. Anakoroma hadi jirani analalamika, anatoka jasho kwenye baridi, ana presha na sukari ambazo dawa haziziwezi. Mwambie atoe kitambulisho cha NIDA na umlinganishe na picha. Nimewahi kuona karani wa mapokezi akimrudisha mtu kwa kudhani kadi si yake. Kipimo cha damu ni IGF-1, homoni ambayo ini huitoa kwa amri ya homoni ya ukuaji. Homoni ya ukuaji yenyewe hupanda na kushuka kila saa, kupimwa mara moja haisaidii. Tiba ya kwanza kwa kawaida ni upasuaji unaopitia puani.

Upande wa pili, mtoto asiyerefuka. Mchore kwa penseli kwenye mwimo wa mlango kila siku yake ya kuzaliwa. Kuanzia miaka minne hadi kabla ya kubalehe, sentimita 5 hivi kwa mwaka ni sawa. Chini ya 4, mpeleke. Lishe, minyoo, selimundu, na urefu wa baba na mama vitatangulia kutazamwa, na mara nyingi jibu liko humo.

"Nagonga vitu vya pembeni"

Uvimbe wa pituitari ukipanda juu hubana mishipa ya macho pale inapokutana, na kinachopotea ni pembe za nje za macho yote mawili. Mtu hasemi haoni. Husema siku hizi nagonga mlango, bajaji zinanitokea ghafla. Kaeni mkitazamana, umbali wa mkono. Afunike jicho moja, nawe ufunike lako lililo mkabala. Akutazame puani. Leta kidole ukikitikisa kutoka pembeni kuja katikati, naye aseme anapokiona. Ukikiona wewe mapema na yeye bado, kwenye macho yote mawili upande wa nje, aende kwa daktari wa macho wiki hii, na barua iandikwe neno pituitari.

Hilo ni la wiki hii. La usiku huu ni lingine: kichwa kinachopasuka ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, kutapika, kuona kumepungua au kope moja imeanguka, labda kwa mtu ambaye tayari anajulikana kuwa na uvimbe huo. Damu imevujia ndani ya tezi, au tezi imekosa damu. Akifika mapokezi, mwenzake aseme maneno mawili mapema, pituitari na haidrokotisoni, kwa sababu sindano hiyo na dripu ya chumvi hutangulia hata picha ya kichwa.